Kochi Amefika

6 Januari

Mwanangu kipenzi,

Hamjambo huko, wewe na mkeo na mjukuu wangu? Sisi tunapumua. Goti langu linalalamika asubuhi, likishapata joto linanyamaza, kwa hiyo usianze kuniambia habari za hospitali. Dada yako amejifungua mtoto wa kiume, ana shingo nene kama mbeba magunia. Paa la jikoni bado linavuja palepale, nimeweka sufuria, tumeshazoeana. Unakula lakini? Usinidanganye. Na simu ya dukani usipige, mwenye duka anafungulia spika na foleni nzima inasikiliza.

Ulipoondoka ulinikataza nisikuandikie habari za mpira hata mstari mmoja, na miaka yote hii nimekutii. Leo pia sikuandikii habari za mpira. Nakuandikia habari za kazi yangu, hilo hukulikataza. Kazi yangu ni kufua. Nafua jezi. Jezi za nani, wewe unajua, mimi sikutaja.

Basi jezi siku hizi zinarudi safi, mwanangu. Zamani zilikuwa zinakuja na tope hadi kwenye kola, natumia sabuni mpaka vidole vinachubuka, nafurahi. Sasa vijana wanasimama tu wanawatazama wenzao wakipita. Unakumbuka watu walivyokuwa wanapanda juu ya mapaa kuangalia? Siku hizi jukwaani tuko mimi, mwenyekiti na mbuzi wa mlinzi, na mbuzi anaondoka kabla ya mapumziko. Lile kombe kubwa naliwekea vibanio vya nguo. Tulishuka daraja la kwanza, tukashuka la pili, sasa tuko bondeni kabisa, na wanasema msimu huu tukimaliza mkiani tunafutwa, jina na kila kitu. Basi, nimemaliza habari za kufua.

Sasa nina ombi moja. Mama yako niko bila kochi. Ni aibu. Nitafutie kochi huko mjini, wewe ndiye mwenye kujua mambo hayo, na ukipata usichelewe.

Mimi mama yako, nikiwa na mikono yenye povu

*

27 Januari

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Mjukuu wako ameota jino la mbele na ameanza kuniuma nalo. Tumemfurahia sana mtoto wa dada, mwambieni asimfunge blanketi hadi usoni. Kula nakula.

Habari za kazi yako nimezisoma.

Kuhusu kochi, umemwandikia mtu sahihi. Nimeona haya kwamba sikuwaza mwenyewe mpaka uombe. Nijibu haya tu: mtu mmoja au watatu? Gumu au laini? Rangi gani? Jipya kabisa, au hata lililotumika likafanyiwa matengenezo? Habari za miguu niachie mimi.

Nikichelewa kujibu usiwe na wasiwasi. Jioni siku hizi nina shughuli.

Mwanao

Mama, ni mimi mkweo, naongeza hapa chini. Habari za kazi yako amezisoma mara nne, mara ya mwisho akiwa amesimama. Na hizo shughuli za jioni ni za kweli, ila nimeapa kutosema.

*

15 Februari

Mwanangu,

Barua yako ilinikuta na mafua, nilipofika kwenye maneno ya mkeo mafua yakaisha kwa hofu. Shughuli gani hiyo ya jioni ambayo mke ameapa kutosema? Chai yangu imepoa mezani. Kama kuna mwanamke mwingine mwache leo hii, usingoje mwisho wa mwezi. Na kama ni pombe, baba yako mdogo ulimwona mwenyewe alivyoishia kwenye mtaro. Sisemi zaidi. Ila nijibu.

Mtoto wa dada yako ameanza kucheka, anamchekea kila mtu, hata mkusanya kodi.

Sasa kochi. Mmoja anatosha. Watatu wa nini, watagombana. Gumu, mwanangu, gumu kabisa, kwa sababu laini hawa vijana watalala. Rangi yoyote! Sote tumeumbwa na Mungu mmoja, na nimeshangaa mtoto niliyemlea mwenyewe kuuliza swali kama hilo. Kutumika si neno. Matengenezo pia si neno, hata mimi goti langu lingefaa matengenezo.

Nimewatangazia wote kwamba mwanangu analeta kochi. Mwenyekiti alinikumbatia akasahau kuniachia. Kuna watu walikuwa hawanisalimii tangu mwaka juzi, sasa wananibebea ndoo.

Mama yako, ambaye bado anangoja jibu la jioni

*

8 Machi

Mama, shikamoo.

Naandika haraka, dereva wa basi atakayeitanguliza barua hii anangoja na injini inaunguruma. Kochi safarini, Jumamosi mchana stendi ya malori. Gumu kama ulivyotaka. Tafadhali msiruhusu kunyeshewa.

Nimeshangaa mtaa mzima kufurahia kochi la mama mmoja, lakini nikasema mwenyewe, ndivyo mama yangu anavyopendwa.

Jioni hakuna pombe wala mwanamke. Yaani mwanamke mmoja tu. Basi, acha, utaelewa vibaya.

Mwanao

*

18 Machi

Wewe mtoto wewe,

Sijui nikusalimie kwanza au nikuchape kwanza. Haya, hamjambo? Mjukuu hajambo? Vizuri. Sasa kaa chini, kama hujakaa.

Jumamosi tulifika stendi ya malori mapema. Niseme tulifika nani? Wote! Mwenyekiti alivaa ile suti ya mwaka tuliochukua kombe, haifungi tena vifungo, akaishikilia kwa mkono kama mtu anayeumwa tumbo. Walikuja na matarumbeta. Wazee ambao sikujua kama bado wako hai walikuja na skafu zao. Hata wale wapinzani wetu wa ng'ambo ya reli walikuja, wakajipanga pembeni kumwona. Kipa wetu, huyu tunayemwita Mlango Wazi, alikuwa amenyoa nywele kwa heshima.

Lori likaingia. Matarumbeta yakapigwa. Dereva akatoa kichwa dirishani, "Mzigo wa Mama Jezi!"

Mwenyekiti akawaka. "Mzigo? Mtu mzima kasafiri siku tatu, wewe unamwita mzigo? Adabu gani hiyo?"

Dereva akasema, "Mzee, mimi nimeambiwa nisiulaze ubavu."

"Kwa hiyo amesimama njia nzima?"

"Amefungwa kamba."

Hapo mimi mwenyewe nikakimbilia nyuma ya lori. Wakafungua mlango wa nyuma. Wakavuta blanketi.

Kochi. Kochi la kukalia! La mtu mmoja, la kijani, lina mikono ya mbao.

Matarumbeta yakafa moja moja, la mwisho likatoa sauti kama ndama. Mwenyekiti alikuwa ameshakunjua hotuba yake, na wewe unamjua, akianza haachi. Akalisomea. Nakwambia alilisomea kochi! "Ndugu kochi, karibu nyumbani. Tunajua umeacha familia yako kuja kutuokoa." Wale wa ng'ambo ya reli walianguka chini, mmoja akashikilia tairi la lori asizimie. Wakaanza, "Huyo angalau hatatukana wachezaji!" "Mkataba wake ni mpaka sponji ibonyee!" Mlango Wazi akapanda juu ya lori, akakaa, akakunja nne, akasema, "Mwenyekiti, mimi huyu nimemkubali." Na hapo, mwanangu, sisi wenyewe tukaanza. Mwenyekiti alicheka hadi akaiachia suti. Nilicheka hadi nikatafuta pa kujishikilia, nikajishikilia kwenye kochi. Tangu tushuke daraja watu wetu hawajawahi kucheka pamoja namna ile. Tukalibeba mabegani hadi uwanjani, matarumbeta mbele.

Kosa ni langu, najua. Hapa kwetu sote tunasema kochi, kwa yule wa kufundisha na kwa lile la kukalia. Mimi nilijua unafanya kazi ya samani, nikadhani ni makabati. Kwa hiyo leo naandika kwa herufi za kueleweka. Tunahitaji KOCHA. Mwisho ni A. Samahani, najua umenikataza.

Na si mchezo. Chama cha mpira kilisema bila kocha raundi ya pili hatuchezi. Bosi wao alipiga simu kwa mwenyekiti, "Amefika?" Mwenyekiti uongo hawezi, akasema, "Amefika." "Anaendeleaje?" Akasema, "Amekaa." Basi wameturuhusu, lakini mechi ya mwisho watakuja kumwona kwa macho yao, na asipokuwepo pointi zote za raundi ya pili zinafutwa, na sisi tunafutwa nazo.

Nina swali moja. Nilipoandika neno kochi kwenye ukurasa uleule wa jezi na vijana wanaosimama tu. Kweli, mwanangu, kweli kabisa, hukuelewa?

Mama yako

*

3 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimeisoma barua yako kazini, nikacheka mbele ya mteja aliyekuja kulalamika. Ameondoka bila kulipwa fidia, na yeye akicheka. Mjukuu wako anatembea sasa, anashika ukuta kama mlevi.

Swali lako nimeliona.

Habari za mpira nilisema sitaki, na hii si habari ya mpira. Ni maelekezo ya matumizi ya kochi, kama tunavyompa mteja yeyote. Kochi liwekwe pembeni mwa uwanja, usawa wa mstari wa kati, lisipigwe na jua. Anayelikalia amwambie huyo Mlango Wazi aache kufumba macho mpira ukija, kwa sababu nina hakika anafumba, makipa wote wa namna hiyo wanafumba. Mtakapocheza na wale wapasua mawe, ambao ni warefu na wazito kugeuka, mpira upite chini, miguuni mwao, usipande juu hata mara moja. Mabeki wasikimbilie mpira wote kama kuku wakimwagiwa mchele. Kila mmoja awe na mtu wake, amjue hata harufu. Na yule anayepiga kona asipige kwa nguvu kuwafurahisha wasichana.

Hayo ndiyo maelekezo. Sponji ipigwe jua kila baada ya mvua.

Mwanao

Mama, mkweo tena. Amelala, na mimi kiapo kimenishinda. Yule mwanamke wa jioni ni mimi. Mimi na wenzangu kumi. Mwanao anafundisha timu ya wanawake mafundi cherehani wa sokoni, na mimi ni winga wa kulia, na nina mbio usiniulize. Alitukataza tusiseme kwa mtu yeyote kwamba amerudi kwenye mpira. Tope kwenye nguo ni la wote wawili, mimi ndiye ninayefua.

*

2 Mei

Mwanangu, na mkwe wangu winga,

Mungu awatunze. Nimelala usingizi wa kwanza tangu Februari. Mkwe wangu, tope la uwanjani ulisugue likishakauka, ukilisugua bichi linaingia ndani ya uzi. Dada yako anasalimia, mtoto wake ameangusha kikombe kwa teke.

Maelekezo ya kochi nimeyafuata. Nililikalia mwenyewe, nikavaa miwani, nikawasomea vijana neno kwa neno, mpaka hapo pa sponji. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi wananisikiliza. Nilipofika kwa kipa anayefumba macho, Mlango Wazi akasimama, "Mama, nani kakuambia?" Nikasema, "Kochi limesema." Akakiri mbele ya wote.

Lakini sikiliza barua zinavyochelewa. Yako ilifika wapasua mawe tumeshacheza nao, wametufunga. Mechi iliyofuata ilikuwa na wanafunzi wa ualimu, wafupi hao, wepesi kama panzi. Mimi nikasema barua ni barua, mwanangu hawezi kuandika bure. Tukapitisha mpira chini miguuni mwao kama ulivyoagiza kwa warefu, na wale wafupi siku zote wanajiandaa na mipira ya juu ya kuwaonea, wakabaki wanaruka ruka bure wakati mpira unapita chini. Tukashinda! Tumeshinda na iliyofuata. Mlango Wazi amedaka mpira, akaushangaa, akawa anautembeza kutuonyesha. Jezi zimerudi nyeusi tii, nimelia juu ya beseni. Mapaa yana watu tena. Mbuzi hana pa kukaa.

Wale wa ng'ambo ya reli wanauliza kochi letu tumelinunua duka gani.

Ukiwa na maelekezo mengine ya samani, tuma mapema.

Mechi ya mwisho ni Jumapili tarehe nane mwezi wa sita, na hao hao wa ng'ambo ya reli. Tukishinda tunatoka mkiani, hatufutwi. Watu wa chama watakuwepo kumtazama kocha. Sikuombi kitu. Nimeandika tarehe tu.

Mama yako

*

16 Mei

Mama, shikamoo.

Wote wazima. Mkweo namwomba aache kuongeza maneno chini ya barua zangu, anasema ataacha.

Uliniuliza kama kweli sikuelewa. Nilielewa, mama. Nilielewa siku ileile. Nikaona nikikujibu "sitaki" utaumia, na nikikujibu "nakuja" nitakuwa nimedanganya, nikasema basi nitume kochi, tucheke, yaishe. Sikujua kama mtaenda na matarumbeta.

Nitakuambia kwa nini siji. Watu wanadhani niliondoka kwa sababu nilikuwa nahodha na tulishuka. Si hivyo. Siku ile watu walipoingia uwanjani wakiwa na hasira, waliziangusha kambani jezi zote ulizokuwa umefua, wakazikanyaga topeni, mbele yako. Mimi nilikuwa nimezuiliwa na askari, sikuweza kufika. Nilikuona umeinama unaokota moja moja, watu wanapita juu yako. Muda mrefu vile. Nikaapa sitakaa kwenye uwanja ule nikakuona umeinama namna ile tena. Nikirudi tukashindwa, watafanya vilevile.

Usinijibu hili, tafadhali. Niandikie habari za mtoto wa dada.

Mwanao

*

25 Mei

Mwanangu,

Mtoto wa dada hajambo. Basi.

Sasa nakujibu, na unisamehe. Nilikuwa nimeinama kwa sababu jezi zilikuwa chini. Ulitaka niziokote vipi?

Miaka yote hii mimi nafikiri umeondoka kwa ajili ya paa linalovuja. Nimemwaga machozi juu ya paa! Kumbe ulikuwa umebeba mgongo wangu. Na nilikaa muda mrefu kwa sababu namba tisa ilikuwa haionekani, nikawa namsogeza kila mtu mguu, namba tisa iko wapi, namba tisa iko wapi. Wewe kule umejaa huzuni, mimi huku natafuta namba tisa! Ilikuwa chini ya mwenyekiti, alikuwa ameikalia analia. Jioni ile nilizifua zote, asubuhi ziko kambani, na mmoja wa wale waliozikanyaga akaja kunisaidia kukamua. Unamjua. Ni Mlango Wazi, siku hizo bado ni shabiki tu.

Kufua ndiyo kazi yangu, mwanangu. Jezi zikirudi chafu mimi siumii. Zikirudi safi ndiyo naumia, nilikuandikia tangu barua ya kwanza.

Usije kwa ajili yangu. Njoo kama unautaka mpira. Na nimezisoma barua zako, maelekezo ya samani yamezidi kurasa.

Mama yako, mgongo wangu mzima

*

Jumapili 8 Juni, uwanjani, mapumziko

Kocha,

Nakuandikia kwa sababu umeniambia mama usiingie kwenye mstari, na mimi sheria nazifuata. Niko nyuma yako tu, nampa mkeo karatasi hii akuletee, ana mbio.

Moja moja si mbaya. Mtu wa chama amekutazama kipindi chote cha kwanza badala ya kutazama mpira, nimemwona anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwenyekiti nimemfunga suti kwa pini, hotuba nimemnyang'anya. Maji umekunywa? Namba tisa anachechemea, hasemi kwa sababu anakuogopa, mwulize taratibu.

Kipindi cha pili kinakaribia kuisha na mkeo hajaja kuchukua karatasi, anapiga kelele na wenzake wa cherehani, kwa hiyo naendelea. Huwezi kukaa hata kidogo? Tumekuwekea kochi zima na umesimama mbele yake tangu saa ile, na mabega yako haya ya baba yako, mimi huku nyuma goli silioni kabisa. Naona mgongo wako tu. Ni mzuri, lakini nimeutazama vya kutosha. Sogea kulia. Kulia kwangu, si kwako. Sasa mbona wote wamesimama? Nani kafunga? Kelele gani hizo, mimi sikuona kitu, nani kafunga? Filimbi ya mwisho hiyo, mwenyekiti amepasua suti. Wamekushika miguu. Wanakurusha juu, jamani wataniangushia mtoto!

Basi ni sisi.